Kuficha Tuliyoyaandika: Je, Ni Unyenyekevu?

Tangu siku nyingi tunapokea barua za watu wanaoandika. Si watungaji wa vitabu vikubwa, hapana. Ni walimu wa shule, makarani, wauguzi, makatekista, na mama mmoja mwenye kuuza vitenge sokoni. Ni watu wenye kazi yao ya kila siku, ambao usiku, watoto wakiisha kulala, hutoa daftari na kalamu na kuanza kazi ya pili isiyo na mshahara. Mmoja atunga mashairi, mwingine aandika habari za ukoo wa baba yake, mwingine hadithi. Na karibu wote wamaliza barua yao kwa maneno yale yale: wasema wanaandika ovyo tu, maandishi yao hayafai kuonyeshwa, tena watuomba tusimwambie mtu.

Zamani tulipenda sana maneno hayo. Tuliona ndani yake adabu njema ya Kikristu. Leo hatuna hakika tena, nasi twataka kueleza sababu yake, ingawa si habari ya kutupatia sifa.

Tulikuwa na rafiki, karani wa bohari katika bandari moja ya Ziwa Tanganyika, upande wetu wa Kongo. Mchana alihesabu magunia. Jioni alikwenda kuketi na wavuvi wazee ufukoni, akawauliza mambo na kuyaandika: majina ya pepo, namna ya kufuma nyavu za zamani, habari za mababu waliovuka ziwa kwa mitumbwi, na jinsi ya kuvua ndagala usiku kwa mwanga wa taa. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemlipa hata franka moja. Madaftari alinunua mwenyewe, na wino pia.

Siku moja alitusomea kurasa 2. Zilikuwa nzuri, twakumbuka vizuri. Palikuwa na mzee aliyejua kwa harufu tu kwamba upepo utageuka kabla ya alfajiri. Lakini killa mahali yule ndugu aliandika «ndagala», na sisi tuliojifunza Kiswahili cha vitabu tulicheka. Tukamwambia: «Ndugu, vitabuni huandikwa dagaa. Watu wa Tanzania wakikusoma watasema Wakongo hawajui Kiswahili.» Tulisema kwa mzaha. Naye alicheka pamoja nasi, akafunga daftari, tukaongea mambo mengine, tukanywa chai. Tangu siku ile, killa tulipomwuliza habari ya kitabu chake, alijibu: «Bado, ndugu yangu. Sijamaliza kusahihisha.» Alijibu hivyo miaka 11. Nasi tuliwaambia wengine: Mtazameni, huyu ni mtu mnyenyekevu kweli, hataki kujionyesha.

Akafa. Tulikuwa mbali, tukafika kwake siku nyingi baada ya maziko. Mlangoni pa lopango mtoto wake mdogo alikuwa ameketi na sinia ya karanga, zimefungwa katika vifuko vidogo vya karatasi. Tulinunua kimoja ili kumfurahisha mtoto. Tulipokifungua tukaona mwandiko tunaoujua.

Tukamwuliza mjane: «Shemeji, karatasi hizi zimetoka wapi?»

«Ni za marehemu, shemeji. Zilijaa sandukuni. Tulidhani ni hesabu za kazini.»

Hatukuweza kumlaumu hata kidogo. Alikuwa na watoto wa kulisha, na mumewe hakumwambia kamwe karatasi zile ni nini. Alikuwa amezificha hata mbele ya mke wake.

Basi, swali letu ndilo hili. Yule ndugu alikuwa mnyenyekevu? Au alikuwa na woga? Na kama ni woga, ni nani aliyemtia?

Tangu utoto tumefundishwa kuyakimbia majivuno, na ni haki. Anayeandika ana hatari zaidi ya majivuno kuliko anayelima, maana shamba halichapishwi na jina la mkulima juu yake. Tumewajua watu ambao makala yao moja ikiisha kutoka gazetini, hutembea nayo mfukoni mwezi mzima. Hayo yachekesha, tena ni rahisi kuyaona. Kwa sababu hiyo mtu mwema hufikiri hivi: Ikiwa kujionyesha ni kiburi, basi kujificha ni unyenyekevu. Hapo ndipo tunapodanganyika. Mwenye kuonyesha karatasi yake ili asifiwe, na mwenye kuificha ili asikosolewe, wote wawili wanafikiri jambo moja: watu watanionaje? Hawafikiri yule mtoto wa mvuvi ambaye siku moja angesoma na kujua babu yake alivyoishi. Msomaji hayumo katika hesabu yao.

Twamkumbuka mtumishi wa Injili aliyeizika talanta ya bwana wake. Hakuiiba, hakuila. Aliifukia vizuri, akairudisha nzima. Alipoulizwa sababu, alisema kweli: aliogopa. Sijui padri gani aliwahi kutoa mahubiri akamsifu mtumishi yule kwa unyenyekevu wake.

Lakini tusizidishe. Yako maandishi ambayo ni haki kuyaficha: mambo ya roho kati ya mtu na Mungu wake, siri za wengine tulizoaminiwa, maneno tuliyoyaandika tukiwa na hasira. Nani ataka barua za hasira zichapishwe? Tena si killa shairi lazima lifike gazetini; sisi wenyewe twayarudisha mengi. Tunasema juu ya kazi iliyofanywa kwa ajili ya watu, halafu ikanyimwa watu.

Wengine wasema: Mimi ni nani hata niandike? Sina diploma, Kifaransa changu ni kibovu, Kiswahili changu ni cha kwetu. Kwao twataja jina ambalo Wakatoliki wa Tanganyika na Katanga wote yafaa walijue. Stefano Kaoze, mtu wa Marungu, alitoa maandishi yake kwa Kifaransa katika gazeti la La Revue Congolaise mwaka 1910 na 1911, juu ya fikira na tabia za Wabantu. Wakati ule alikuwa bado mseminari; upadri alipata mwaka 1917 kule Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, akawa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu. Tufikiri kidogo. Kijana Mwafrika, chini ya utawala wa Wabelgiji, katika lugha aliyojifunza darasani, aandika juu ya watu wake mwenyewe, na wasomaji wake ni Wazungu waliodhani wamekwisha kuwajua watu hao. Alikuwa na sababu 100 za kungoja. Angeweza kusema: nitaandika nikiisha kuwa padri, nikiisha kusoma zaidi, nikiisha kuzeeka. Wataalamu wa leo wanayasoma maandishi yake. Wengine wamsifu, wengine wabishana naye juu ya jambo hili au lile. Vizuri sana! Wanaweza kubishana naye kwa kuwa aliwaachia karatasi.

Sasa tutoe mfano wa Ulaya, maana unatuhusu sisi watu wa magazeti, na si kwa sifa. Gerard Manley Hopkins alikuwa Mwingereza aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1866. Miaka 2 baadaye, alipokata shauri la kuwa mtawa wa Shirika la Yesu, aliyachoma mashairi yake, akaazimu asitunge tena ila wakubwa wake wakipenda. Yeye hakuogopa wasomaji. Alidhani mashairi hayapatani na wito wake. Alinyamaza miaka 7. Halafu, mwezi wa Desemba 1875, meli iitwayo Deutschland ilikwama juu ya fungu la mchanga karibu na mlango wa mto Thames, na kati ya watu waliokufa walikuwamo masista 5 Wafransisko waliolazimika kutoka Ujerumani kwa sababu ya sheria zilizolitesa Kanisa kule. Habari hiyo ilimchoma moyo Hopkins. Mkubwa wa nyumba yake akasema, kwa maneno machache tu, kwamba angependa mtu atunge shairi juu ya jambo hilo.

Hakumwamuru. Hakumpa zawadi. Alitamka neno dogo, labda wakati wa kutembea bustanini au baada ya chakula, na mlango uliofungwa miaka 7 ukafunguka. Hopkins alitunga shairi la beti 35, ambalo leo lahesabiwa kati ya mashairi makubwa ya Kiingereza ya karne ile. Sisi tulipolisoma jambo hili tuliweka kitabu chini. Mtu mmoja alitamka neno dogo, na mtunzi akarudi kazini. Sisi tulitoa kicheko kidogo, na mtunzi akafunga daftari.

Na gazeti je? Hopkins alilipeleka shairi lake kwa gazeti la Shirika lake mwenyewe, na gazeti halikulichapisha. Wenye gazeti walimwona mgumu mno. Twasema hivi bila kuwacheka, maana hatujui ni mashairi mangapi mazuri tumeyarudisha kwa sababu hiyo hiyo. Aliendelea kutunga, na karibu kazi yake yote ilibaki bila kuchapishwa mpaka alipofariki Dublin mwaka 1889, mwenye umri wa miaka 44. Lakini alikuwa na desturi moja ambayo rafiki yetu hakuwa nayo: aliyatuma mashairi kwa rafiki. Rafiki huyo, Robert Bridges, alikuwa mshairi pia, hakuwa Mkatoliki, wala hakupenda yote aliyoyapokea. Mara nyingi alimkosoa bila kumficha. Hopkins alimjibu, akajitetea, pengine akakubali, akatuma mengine. Bridges aliyatunza yote, na mwaka 1918 akayatoa katika kitabu. Ndiyo maana dunia inayajua.

Twawaomba wanaotuandikia wafikiri jambo hili. Hatuwaambii: Chapisheni. Kuchapisha kuna wenyewe, kuna gharama, kuna bahati. Twawaambia: Mwonyesheni mtu mmoja. Mmoja tu, anayejua kusoma polepole na asiyewaogopa ninyi. Tena waambieni watu wa nyumbani karatasi zile ni nini.

Labda mtatujibu: Si woga, ni nafasi. Kazi ni nyingi, watoto ni wengi, umeme unakatika. Ni kweli, twajua. Lakini Shaaban Robert, ambaye kazi zake zasomwa mashuleni Afrika ya Mashariki yote, hakuwa tajiri mwenye kuketi kivulini. Alianza ukarani wa serikali, katika forodha, mwaka 1926, na maisha yake karibu yote alibaki mtu wa kuajiriwa, akihamishwa huku na huku. Aliandika katika saa zilizobaki. Na Mwingereza Anthony Trollope alifanya kazi ya posta zaidi ya miaka 30. Killa asubuhi aliketi mezani saa kumi na moja na nusu, saa yake mbele yake, akajilazimisha kuandika maneno 250 katika killa robo ya saa, mpaka saa mbili na nusu. Kisha alivaa na kwenda kazini. Alitunga riwaya 47. Aliona mtungaji yafaa afanye kazi kama mshona viatu, ambaye hangoji kuguswa moyo ndipo ashone kiatu. Wasomaji wengine walipojua habari hiyo, baada ya kufa kwake, walichukizwa: walitaka kuamini kwamba riwaya hushuka kutoka mawinguni. Sisi hatuwashauri kuandika kwa mbio za Trollope, wala hatudhani tungeweza. Nusu saa kwa siku yatosha kwa mtu mwenye kazi, ikiwa ni killa siku. Lakini yule rafiki yetu hakukosa nusu saa. Alikuwa nayo killa jioni. Aliitumia kusahihisha.

Na kusahihisha kusikokwisha, hapo tena kuna mtego. Mwenye kusahihisha miaka 11 huonekana kama mtu mwenye bidii, na yeye mwenyewe hujiona hivyo. Kumbe mara nyingi anangoja siku ambayo hakuna mtu atakayeweza kumwonyesha kosa. Siku hiyo haiji. Ni siku ya watu wasio na dhambi ya asili! Sisi wengine sherti tutoe kazi yetu ikiwa na makosa ndani yake, tukiisha kufanya tuwezavyo, na kungoja kusahihishwa.

Mtu mmoja aliwahi kutubishia kwa kumtaja Mtakatifu Tomaso wa Akwino: je, yeye hakuacha kuandika? Ndiyo, aliacha. Mwezi wa Desemba 1273, baada ya kusoma Misa siku ya Mtakatifu Nikolasi, aliweka kalamu chini na hakuendelea tena na kitabu chake kikubwa, akafa miezi michache baadaye. Lakini alikuwa ameandika maelfu ya kurasa, nazo zilikuwa tayari mikononi mwa wanafunzi. Aliona jambo kubwa kupita maandishi yake, akanyamaza. Anayenyamaza kwa kuogopa kucheka kwa jirani asimtaje Tomaso.

Twapenda zaidi kumtazama Mtakatifu Augustino, maana yeye alikuwa Mwafrika, askofu wa Hippo, mji ambao leo waitwa Annaba katika nchi ya Algeria, na katika maisha yake yote alikuwa na kazi nyingi kupita kiasi: mahubiri, kesi za watu, safari, barua. Hata hivyo aliandika. Kitabu chake juu ya Utatu Mtakatifu kilimchukua miaka karibu 20. Katikati, watu wenye haraka walivichukua vitabu vya kwanza na kuvinakili kabla hajavimaliza wala kuvisahihisha. Alikasirika sana, akataka kuiacha kazi yote. Ndugu zake walimsihi aimalize, naye alikubali, akaimaliza, ingawa haikuwa tena kama alivyotaka. Hapo twaona hata mtakatifu huumia kazi yake ikionekana nusu. Hakufanywa kwa jiwe.

Lakini jambo kubwa ni lile alilofanya mwishoni. Mwaka 426 na 427, akiwa na umri wa miaka 72 hivi, alivitoa vitabu vyake vyote, kimoja kimoja, kwa utaratibu aliovitunga tangu ujana, akavisoma tena kama hakimu. Alihesabu vitabu 93, bila barua na mahubiri. Juu ya killa kitabu aliandika: hapa nilikosa, hapa nilisema bila kufikiri vya kutosha, neno hili lingefaa kuwa jingine, hapa wasomaji walinielewa vibaya, na hapa bado nasimama nilipo. Kazi hiyo yaitwa kwa Kilatini Retractationes, yaani kuyapitia mambo tena. Alitoa makosa yake nje, mbele ya watu, akiwa askofu mwenye sifa kubwa na maadui wengi waliofurahia kumnasa. Wala hakuvichoma vile vitabu vyenye makosa. Aliviacha vilivyo, na sahihisho pembeni, na katika dibaji alieleza kwamba anayevisoma kwa utaratibu vilivyoandikwa ataona labda jinsi mwandishi alivyoendelea mbele kwa kuandika.

Tuliposoma hayo tulifikiri juu ya miaka yetu ya kazi. Sisi tulidhani mtu huendelea kwanza, halafu huandika. Augustino, mwenye vitabu 93, aliona kwamba aliendelea katika kuandika kwenyewe, na makosa yake yalikuwa hatua za njia hiyo. Angeyaficha mpaka ayamalize yote, angeona nini cha kusahihisha?

Killa kosa alilolitaja lilikuwa kosa la kitabu. Hakuanguka kitandani kwa sababu hiyo. Hapo ndipo wengi wetu, waandikaji na wasahihishaji, tunapopotea: tukiambiwa sentensi hii ni mbovu, twasikia kwamba sisi ni wabovu. Tumemwona mwalimu hodari, mtu mzima, akitetemeka mikono kwa sababu ya alama ya kalamu nyekundu juu ya shairi lake. Na siku nyingine tumejiona wenyewe: barua ya msomaji mmoja ilituonyesha kosa la tarehe, nasi tulitafuta siku 3 namna ya kumjibu kwa ukali kabla ya kufungua kitabu na kuona kwamba alikuwa na haki. Mwenye kushona nguo akiambiwa mkono wa kushoto ni mrefu, huupunguza. Hasemi umenitukana mimi na ukoo wangu. Kwa nini karatasi iwe jambo jingine? Labda kwa sababu mkono wa nguo twaupima kwa futi, na sentensi twaipima kwa moyo. Kwa hiyo twawashauri kufanya kama wengine wanavyofanya: yule anayekusahihisha, msikilize bila kujibu siku hiyo. Andika alilosema. Lala. Kesho yake soma tena, na utaona kwamba nusu yake ni kweli; ile nusu nyingine iache.

Sharti kuiacha ile nusu nyingine. Hapo sasa twarudi kwa kosa letu, maana mwenye kukosoa naye ana dhamiri.

Augustino yule yule, alipowafundisha wahubiri, alitoa mfano wa neno moja la Kilatini: os. Likitamkwa kwa sauti fupi ni mfupa, likitamkwa kwa sauti ndefu ni kinywa. Watu wa Afrika wa siku zile hawakuisikia tofauti ya sauti hizo mbili. Watu wasiosoma walikuwa na neno lao la mfupa, ossum, ambalo walimu wa sarufi walilicheka kama neno la kishenzi. Augustino, aliyekuwa mwenyewe mwalimu wa ufasaha kabla ya kubatizwa, aliona ni heri kusema ossum na kulaumiwa na walimu hao, kuliko kusema neno la vitabu na watu wasielewe.

Tulikuwa tumeusoma mfano huo zamani, tena tulikuwa tumeufundisha. Siku ya kurasa zile 2 hatukuukumbuka.

Kabla ya kuondoka kwa mjane tulimwomba atazame tena sandukuni. Kati ya madaftari yote, moja lilibaki, lenye jalada la bluu, limelowa pembeni. Alitupa bila kudai kitu. Usiku tulilifungua. Katika kurasa za kwanza, killa mahali palipoandikwa ndagala pamepigwa mstari mmoja kwa rula, na juu yake, kwa herufi ndogo safi, pameandikwa dagaa. Ukurasa baada ya ukurasa. Hata maneno ya wazee, yaliyowekwa katika alama za kunukuu, yamesahihishwa hivyo, kana kwamba wavuvi wa ziwa letu walisema dagaa. Halafu katika ukurasa wa 43 ameandika pembeni, kwa kalamu ya risasi, kwamba mzee mmoja aliposomewa aliuliza dagaa ni kitu gani. Baada ya hapo kurasa ni tupu.

Tumeanza kulinakili daftari. Majina mengine ya pepo yamefifia kwa maji na hatuwezi kuyasoma. Wavuvi wazee au watoto wao wanaoyajua watufanyie hisani, wapite parokiani au watume mtu. Ndagala tumeirudisha mahali pake pote.